Tarishi Alileta Salamu Tu

Obedi alijibu kwamba amefurahi kusikia wote nyumbani wazima.

Atuganile aliisikiliza sentensi hiyo, akavua vipokea sauti masikioni, akaviweka mezani taratibu kama mtu anayeweka yai. Kisha akavivaa tena. Sauti ilikuwa ya mumewe, haina ubishi. Ile sauti nzito yenye kukwaruza kidogo mwishoni mwa maneno.

"Mke wangu, salamu zako zimefika. Nimefurahi sana kusikia nyote wazima. Mimi pia mzima, huku baridi kama kawaida yake. Msalimie sana mama. Wasalaam."

Nyote wazima! Mwanzoni mwa wiki Atuganile alikuwa ameketi mbele ya kipaza sauti hichohicho akamweleza kwa kirefu kwamba mama yake ameteleza jikoni akavunjika nyonga. Kwamba madaktari wanataka kumpasua na mama kakataa katakata, anasema kisu hakimgusi mpaka mwanawe afike. Kwamba meli ya mwisho inaondoka kule barafuni Jumapili, na asipoipanda hiyo basi mpaka msimu mwingine. Mtu unamwambia mama yako amelala chali, naye anakujibu baridi kama kawaida yake.

"Huyu mwanaume," alisema kwa sauti, peke yake katika chumba cha redio cha chuo alikofundisha, "huyu mwanaume ameoa barafu."

Nje ya dirisha eriali ilikuwa bado imeelekea kusini, ambako Tarishi alikuwa ametoka kuzama nyuma ya milima. Tarishi ndilo jina ambalo wanafunzi wa Chuo cha Ufundi Lusungo waliipa setilaiti yao ndogo ya redio ya ridhaa, waliyoiunga wenyewe kwa mikono, isiyozidi mche wa sabuni kwa urefu, ikapanda angani kwa lifti ya roketi ya watu wengine. Kazi yake ilikuwa mchezo tu: kupokea salamu za shule moja, kuzunguka nazo dunia, na kuzimwaga kwa shule nyingine. Hakukuwa na biashara ndani yake wala siri. Redio ya ridhaa ndivyo ilivyo, unachosema anakisikia yeyote mwenye eriali.

Ndipo jua likachafuka. Setilaiti kubwa za matajiri ziliungua moja baada ya nyingine, simu zikawa vioo vya kujitazamia, na kule kusini kabisa mwa dunia, kwenye machimbo ya barafu ya kunywa, wakabaki vijana wa milima hii. Kampuni ilikuwa imewaajiri kwa sababu ilisikia kwamba watu wa Makete wanazaliwa na sweta mwilini. Wa kuwaunganisha na kwao akabaki Tarishi, mtoto wa chuo, aliyeumbwa kwa michezo na sasa amebebeshwa mzigo wa watu wazima.

Naye Tarishi hakuwa na maisha marefu. Jua likichafuka, hewa ya juu huvimba, na vinavyopita chini kama yeye huanza kuparuzana nayo. Kila mzunguko alikuwa anashuka kidogo. Betri yake ilikuwa imechoka, inabeba kazi nyepesi bila shida, lakini kazi nzito ni moja kwa siku, na siku zenyewe zilikuwa za kuhesabu kwa vidole.

Fundi wa redio akikasirika hapigi kelele, hupima. Tarishi alipoibuka tena kwa mzunguko uliofuata, safari hii akiwa chini upande wa magharibi, Atuganile alimtumia amri ya kuuliza: nirudishie ujumbe wangu wa mwisho, kama ulivyompa Obedi. Alitaka kuusikia mwenyewe, aone kama kuna binadamu anayeweza kuusikia ule akajibu hivi.

Sauti yake mwenyewe ikamjia masikioni, changamfu, imetulia.

"Obedi mume wangu, habari za huko? Sisi huku hatujambo kabisa, wote wazima, wasiwasi wetu ni kwako tu. Wasalaam."

Kimya. Huo ukawa ndio mwisho.

Hakuwa amesema wasalaam pale. Pale alikuwa amesema "ila". Sisi huku hatujambo, *ila* mama ameanguka. Alikumbuka jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kulitamka. Na Tarishi alikuwa amelikata neno hilo na yote yaliyofuata, akashona mwisho kwa sauti yake yeye Atuganile, mshono safi ambao hata mama mzazi asingeugundua.

Aliketi akitazama ukuta. Hasira yote aliyokuwa nayo kwa Obedi ilimtoka kwa mkupuo, na mahali pake ikaingia hofu. Kama maneno yake yalikatwa yakienda, je, ya Obedi yakija?

* * *

Mkuu wa chuo, Mzee Fidelis Mgaya, alikuwa mtu mwembamba anayevaa sweta mbili na koti, na aliyempenda Tarishi kiasi cha kumchora kwenye geti la chuo kwa rangi ya mafuta. Alimsikiliza Atuganile mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Ni kifupishi?" aliuliza.

"Ni kifupishi, Mkuu."

Sauti ya mtu ni mzigo mzito kwa kumbukumbu ndogo ya Tarishi. Kwa hiyo walipomuunda walimwekea programu ya kufupisha: isikilize ujumbe, ishike kiini, itupe makapi, halafu upande wa pili iujenge upya kwa sauti ya msemaji. Ili ijue kiini ni kipi, Obedi, kabla hajaenda barafuni, na wanafunzi walizunguka na kinasa sauti sokoni, harusini, wodini, wakakusanya salamu za watu kwa maelfu. Programu ikajifunza kwamba kinachorudiwa na wengi ndicho kiini, na kinachosemwa mara moja tu ni mikwaruzo ya redio. Walijisifu sana kwa werevu huo. Ni watu wa kwetu tu wangeweza kufanya kosa la namna ile, kwa sababu ni sisi tu ambao hata msibani mtu akikuuliza habari unajibu "nzuri". Nzuri tu, ila tumefiwa. Salama, ila nyumba imeungua. Programu ilisikia *nzuri* na *salama* na *hatujambo* mpaka ikakinai, na kila *ila* ikaja na mkia wake tofauti. Ikaamua mikia yote ni makapi.

"Na inazidi kujifunza kila inapopitisha ujumbe," Atuganile alisema. "Miezi yote hii, watu wamekuwa wakipeana hatujambo na wasalaam, basi."

Mkuu alijifuta uso. "Hatuwezi kutuma maandishi?"

"Hatukumwekea njia ya maandishi. Ulisema salamu za kuandika hazina ladha."

"Nilisema?"

"Ulisema, Mkuu."

Mkuu alishusha sauti. "Mwalimu, nikuulize kitu, na usinikasirikie. Kuna haja gani ya kuwaambia? Tarishi anaanguka. Wiki ijayo hayupo. Watu hapa wamelala usingizi kwa salamu zile."

"Wamelala kwa salamu za kutungiwa."

"Hazikutungwa. Walisema wenyewe kwamba ni wazima."

"Walisema, halafu wakaendelea kusema."

"Mwalimu..."

"Meli inaondoka Jumapili jioni. Kila kijana kule anaamua arudi ama abaki, na anaamua akijua kwao kwema. Mficha maradhi, Mkuu..."

"Kilio humuumbua, najua. Usinimalizie methali ofisini kwangu." Alisimama, akasogea dirishani, akarudi. "Unataka kufanya nini?"

Alimweleza. Kesho mchana, Tarishi akipita juu kabisa, angezima kifupishi, na watu waliopo wangesema kwa sauti nzima, isiyokatwa, maneno machache kila mmoja. Lakini kumbukumbu ilikuwa imejaa. Tarishi huweka sauti nzima ya ujumbe wa mwisho wa kila mtu, kwenye kona yake, mpaka nafasi ihitajike. Ili maneno ya hapa yaingie, ya kule ilibidi yafutwe. Yote kwa mpigo, maana amri ni moja.

Mkuu alielewa haraka kuliko alivyotarajia. "Ya Obedi imo humo."

"Imo. Pamoja na za wenzake."

"Na betri inaweza kushusha?"

"Moja. Leo hapiti tena juu ya kutosha, na ndefu kama zile ikishusha moja, kazi ya kesho imekwisha."

Mzee Mgaya alimtazama kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ilimwelemea Atuganile kuliko ambavyo ukali ungemwelemea.

"Basi shusha ya mumeo," alisema polepole. "Usikie alichosema. Nani atajua? Na hata wakijua, nani atakulaumu? Mimi ningekuwa wewe ningefanya hivyo, na ningelala."

* * *

Alirudi nyumbani kwa miguu, amevaa mabuti ya mpira ya Obedi. Tangu mumewe aondoke alikuwa akiyavaa kwenda shambani na kwenda kazini, soksi tatu juu ya nyingine ili yamkae. Majirani walimcheka mwanzoni, kisha wakazoea.

Alimlisha mama mkwe wake uji, akamgeuza, akamfuta mgongo kwa maji ya vuguvugu. Mama Sanga alikuwa mwanamke wa maneno makali siku zote, lakini tangu avunjike alikuwa mpole, na upole ule ndio uliomtisha Atuganile. Akishikwa na maumivu alikuwa anauma pembe ya kanga na kutazama dari.

"Mama, twende hospitali. Wapasuaji wapo Jumatatu."

"Mwanangu akifika tutakwenda. Nikifia mle ndani, nani wa kunitoa? Wewe na mabuti hayo?"

Atuganile alicheka bila kupenda. Baadaye, jikoni, akimenya viazi, alishikwa na hamu ya mumewe mpaka ikabidi akae chini. Hakuwa mtu wa kulialia. Lakini alimkumbuka Obedi kwa mwili mzima: jinsi alivyokuwa akijibu swali kwa swali, jinsi alivyomenya kiazi kwa ganda moja refu lisilokatika akajivuna kama aliyejenga daraja, joto la mgongo wake asubuhi za ukungu. Miezi yote ile alijiambia, mume wangu mzima, ananisalimu, inatosha. Sasa hata hicho kidogo kilikuwa kimechukuliwa. Kulikuwa na maneno ya Obedi yanazunguka huko juu, maneno mazima kwa sauti yake halisi, yanapita juu ya paa la nyumba yake mwenyewe kila siku, na yeye ndiye mwenye funguo za kuyashusha. Alitaka kuyasikia kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alijiambia wazi wazi, bila kuzunguka: nayataka, na nina haki nayo.

Viazi vilivyokuwa motoni viliungua.

* * *

Jumamosi watu walijaa kwenye uwanja wa chuo kama kawaida ya siku za salamu, wamejifunika mablanketi, wengine wamebeba mahindi ya kuchoma. Atuganile alipanda kwenye baraza akawaambia. Hakupamba. Alieleza kifupishi kilivyojifunza kwao, na kilivyokata, na kwamba kila walichosema baada ya kujuliana hali hakikufika.

Kwanza hawakuelewa, kisha wakaelewa wote kwa pamoja.

"Kwa hiyo mwanangu hajui kwamba tumemzika baba yake," alisema Mama Luvanda, mwanamke mnene aliyesimama mbele. Hakuwa anauliza.

"Hajui, mama."

"Mimi nilimwambia. Nikamwambia na siku, na kaburi lilipo. Akanijibu amefurahi sote wazima." Alivuta blanketi. "Nimemchukia mwanangu tangu siku hiyo. Nimemlaani, mwalimu. Usiku na mchana."

Mwanamke wa pembeni yake alimwekea blanketi lake begani juu ya lile alilokuwa nalo.

Mzee mmoja alipaza sauti kwamba chuo kishtakiwe. Mwingine akauliza kishtakiwe wapi na kwa simu ipi. Mkuu Mgaya, ambaye Atuganile alidhani angekaa ofisini, alitoka akasimama kando yake barazani na sweta zake mbili, akapokea matusi yaliyokuwa yake na yasiyokuwa yake. Yalipopungua, Atuganile akawaeleza la kufanya.

"Tarishi akipita, kila nyumba itasema maneno ya pumzi moja. Pumzi moja tu! Hakuna kusalimiana. Hakuna habari za huko, hakuna hatujambo. Taja jina la unayemwita, sema shida, toka."

Wakapanga mstari wa kufanya mazoezi, na hapo ndipo ilipoonekana kazi ilivyo ngumu. Mzee Tweve, aliyekuwa na mkwewe kule barafuni, alikohoa, akashika fimbo vizuri, akaanza, "Mkwe, hujambo? Sisi huku..."

"Mzee wangu, hapana."

"Mkwe, habari za..."

"Hapana, mzee."

"Nimwambie mkwe wangu shida hata hali sijamjulia?" Mzee Tweve alikasirika kwelikweli. "Mimi ng'ombe?"

Watu waliangua kicheko, kile kicheko cha watu waliokuwa karibu kulia, na mzee mwenyewe akacheka mwisho. Lakini walijaribu tena na tena na salamu zikawaponyoka tu, kama kwikwi. Mwanamke mmoja kijana, aliyefiwa na mtoto ambaye baba yake hajapata kumwona, alisema hawezi kulisema hilo kwa pumzi moja na hatalisema. Atasema "rudi", basi. Atuganile akamwambia hiyo inatosha.

Wakati ukafika. Aliingia chumbani, akavaa vipokea sauti, na Mkuu akashika usukani wa kuzungushia eriali, kazi ambayo hakuwa ameifanya tangu ujana wake. Kutoka kaskazini, juu ya mawingu, Tarishi akaanza kuita kwa mlio wake mwembamba.

Kwenye kioo kulikuwa na majina ya sauti nzima zote zilizohifadhiwa. Sanga, Obedi. Ujumbe ulikuwa mrefu. Ule uliomfikia yeye ulikuwa wa sentensi tano, na huu ulikuwa mrefu mara nyingi zaidi. Mwanaume asiyependa kuongea alikuwa amekaa mbele ya kipaza sauti kule kwenye barafu na kuongea hivyo, na yote alikuwa anamwambia yeye.

Kidole kilikaa juu ya amri ya kushusha. Mkuu aliona, akageuza uso akatazama usukani wake.

Atuganile alijaribu kujidanganya. Alijiambia kwamba labda Obedi amesema jambo la kuwasaidia wote. Kwamba Tarishi anaweza kudumu siku moja zaidi ya ilivyokadiriwa. Lakini yeye ni fundi, na hesabu alizipiga mwenyewe. Kupitia mlango ulio wazi alimwona Mama Luvanda wa kwanza kwenye mstari, anatikisa midomo, anakariri pumzi yake moja. Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema watu, na Obedi hakuwepo.

"Nisamehe," alimwambia mumewe, kwa Kinyakyusa, lugha ambayo Obedi hakuwahi kuijifunza vizuri.

Akazima kifupishi, akabonyeza kufuta. Jina la Obedi likatoweka pamoja na mengine, na kioo kikaandika kwamba nafasi ipo.

"Waingie," alisema.

Waliingia. "Simoni, baba yako amefariki, nisamehe mwanangu." "Frenki, shamba limeuzwa, usitume kitu kwa kaka yako." "Mkwe," alisema Mzee Tweve, akafumba macho kwa nguvu, "mkeo anaumwa kifua, damu inatoka, njoo." "Rudi," alisema yule mwanamke kijana, kisha akabaki pale, akarudia, "rudi," mpaka Mkuu alipomshika bega kwa upole. Walikuja wakapita, na kila mmoja alitoka akiwa ameona aibu kama aliyevuliwa nguo mbele za watu.

Tarishi alikuwa ameanza kuteremkia kusini na mlio wake unafifia. Mstari uliisha. Zamu ikawa ya Atuganile, na alikuwa amejiandalia maneno tangu jana, mafupi, ya kifundi. Alipofungua kinywa hayakuwepo.

"Obedi," alisema. "Sisi si wazima. Mama amevunjika nyonga. Na mimi nimekukumbuka mpaka naumwa. Rudi."

Hakuwahi kutamka kitu kama hicho maishani, kwamba si mzima. Alitoka nje akaketi barazani.

* * *

Jumapili watu walitoka kanisani wakaja chuoni moja kwa moja. Hawakuongea sana. Tarishi alipoibuka alikuwa dhaifu, mlio wake unapanda na kushuka, na Atuganile aliunganisha spika ya nje ili wote wasikie.

Majibu yalikuja bila salamu. Pengine kule nako walikuwa wamepangana mstari.

"Mama, sikujua. Sikujua. Nakuja." Huyo alikuwa Simoni Luvanda, na mama yake aliketi chini pale pale uwanjani, blanketi na yote.

"Mzee, mimi mkataba umenibana, ila mwambie mke wangu..." Mikwaruzo ikammeza. Mzee Tweve alisogea karibu na spika kama inaweza kusaidia.

Mwingine anakuja. Mwingine anakuja. Mmoja hawezi. Kisha mlio ukashuka kabisa, watu wakadhani ndio mwisho, ukapanda tena.

"Atuganile."

Ilikuwa sauti ya Obedi, lakini siyo ile ya salamu. Hii ilikuwa imechakaa, inavuta hewa kati ya maneno.

"Nimekuuliza kila mara kama unanitaka hivi nilivyo sasa. Kila mara umenijibu kwa salamu. Nikajua hilo ndilo jibu, nikaamua nibaki huku. Jana nimekusikia. Begi langu liko melini."

"Ulivyo vipi?" Atuganile aliuliza. Alishika kipaza sauti ambacho hakikuwa kimewashwa. "Obedi! Ulivyo vipi?"

Mlio ulishuka, na safari hii haukupanda. Mkuu Mgaya alizungusha eriali kusini, akaizungusha magharibi, akaendelea kuizungusha muda mrefu baada ya kila mtu kujua.

Atuganile alishika njia ya nyumbani peke yake. Hakulia. Alikuwa na furaha iliyomjaa kifuani mpaka ikamwuma, na chini ya furaha ile kulikuwa na miezi mingi ya mwanaume anayeuliza swali lilelile, na mke anayemjibu, mchangamfu, kwamba hawajambo. Alifikiria macho ya Obedi, kama bado yanaona. Alifikiria mikono ile. Alifikiria mengine akayasukuma mbali, yakarudi.

Mama Sanga alikuwa ameinua kichwa kabla mlango haujafunguka vizuri.

"Anakuja?"

"Anakuja, mama. Yuko njiani kupanda meli."

Mama alikishusha kichwa kwenye mto, akafumba macho, na machozi yakamtiririkia masikioni. "Basi waambie hospitali wanoe kisu chao," alisema. Kisha akafumbua macho. "Na yeye mzima?"

Jibu lilikuwepo ulimini, limekuwepo tangu alipojifunza kusema.

"Sijui, mama," alisema Atuganile. "Kuna kitu kimempata. Sijui ni nini."

Mama Sanga alimtazama. Hakumkemea, wala hakumwambia kwamba Mungu ni mwema. Alivuta blanketi upande mmoja, akiuma pembe ya kanga kwa maumivu, akampisha nafasi ya kukaa.